Wimbo na Moyo wa Kijana Mwenye Wasiwasi

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: wasiwasi, mapigo, pumzi. Nanyi yaandikeni katika madaftari yenu.

Labda nyumbani kwako yuko kijana anayengojea mtihani. Usiku halali. Asubuhi chai haipiti kooni. Viganja vimelowa jasho, na moyo unamdunda kama mtu aliyefukuzwa na mbwa. Wewe mzazi wamwambia, "Acha woga!" Maneno hayo hayamsaidii. Woga umekwisha ingia mwilini, na mwili hausikii amri.

Lakini mwili husikia ngoma. Katika miaka ya 1940 hospitali za Marekani zilipokea askari wengi waliorudi vitani, wenye majeraha ya mwili na ya akili. Wanamuziki walikwenda kuwapigia muziki, na waganga wakaona kuwa baadhi yao wanatulia. Mwaka 1944 chuo kimoja cha jimbo la Michigan kilianza kufundisha kazi hiyo, yaani tiba ya muziki.

Huko huko Michigan daktari wa magonjwa ya akili, Ira Altshuler, alifundisha jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote. Usianze na wimbo wa kubembeleza. Anza na muziki unaolingana na hali ya mgonjwa, kisha upunguze mwendo kidogo kidogo. Ukitaka kumtuliza mtu anayekimbia, kwanza kimbia naye ubavuni. Ndipo mpunguze mwendo pamoja.

Basi mwache kijana achague wimbo wake mwenyewe, hata ule unaokukera wewe. (Najua, nyingine zinakera kweli.) Aimbe kwa mwendo wa haraka, halafu polepole, halafu polepole zaidi. Kwa nini aimbe? Kwa sababu mwimbaji huvuta pumzi upesi, kisha huitoa taratibu mpaka mwisho wa mstari. Pumzi inapotoka, mapigo ya moyo hupungua kidogo. Akitoa pumzi ndefu namna hiyo mara nyingi, mwili huanza kutulia.

Wimbo hautoshi kwa kila wasiwasi. Kijana asiyelala wala kula vizuri kwa majuma mawili apelekwe hospitali. Akisema heri afe, msingoje. Mpelekeni siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake.

Sasa tujaribu. Kaeni kimya. Wekeni vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, mpaka msikie mapigo. Yahesabuni kwa dakika moja. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100. Andikeni hesabu. Kisha chagueni wimbo mnaoujua nyote, muuimbe mkiwa mmeketi, mara tatu, kila mara polepole zaidi, na mhesabu tena. Ambaye hataona tofauti asidhani amekosea. Pengine alikuja darasani ametulia.

Mwalimu, tazama saa yako. Anza.