Sigara Baada ya Kung'olewa Jino

Mtu aliyeng'olewa jino asubuhi Mnazi Mmoja au Muhimbili aweza kuwa mbele ya meza yake ya biashara Kariakoo kabla ganzi haijaisha mdomoni. Anayeishi kwa mauzo ya siku hapumziki kwa kuambiwa tu. Ganzi ikiisha maumivu huanza, na sigara huuzwa mojamoja hatua chache kutoka alipo.

Jino likitoka, shimo linalobaki hujaa damu, nayo huganda. Donge hilo si uchafu wa kusukutuliwa. Ndilo linalofunika mfupa na mishipa ya fahamu iliyoachwa wazi, na nyama mpya huota humo. Kule kufyonza moshi kwaweza kuling'oa, kama uwezavyo mrija wa soda au wa dafu. Nikotini nayo hubana mishipa midogo ya damu, na kaboni monoksidi iliyomo katika moshi hupunguza oksijeni inayobebwa na damu, hivyo kidonda hucheleweshwa kupona. Ugoro na tumbaku ya kutafuna si nafuu, kwa kuwa nikotini ni ile ile.

Donge likipotea mapema hutokea shimo kavu. Maumivu yaliyokuwa yakipungua hurudi kwa nguvu, aghalabu kati ya siku ya pili na ya nne, yakipanda hadi sikioni, pamoja na harufu mbaya. Kwa jino la kawaida hali hii huwapata wagonjwa 1 hadi 5 katika kila 100. Kwa magego ya mwisho ya chini yaweza kufikia 30. Wavutaji wamo hatarini zaidi. Wapo wanaodhani jino liling'olewa vibaya, na wapo wanaokimbilia kununua antibiotiki, ambazo peke yake hazitibu shimo kavu. Kinachohitajika ni daktari kulisafisha taratibu, kuweka dawa ya kutuliza, mara nyingi yenye kiini cha mafuta ya karafuu, na kutoa vidonge vya maumivu. Kujidondoshea mafuta hayo nyumbani kwaweza kuunguza nyama. Homa, usaha au uvimbe unaoongezeka ni jambo jingine, na mgonjwa arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mhudumu, swali la tumbaku liulizwe kabla ya sindano ya ganzi, tena bila karipio, maana anayeaibishwa hukana. Neno "usivute" halitoshi. Mgonjwa aelezwe habari ya donge, kisha apewe muda unaohesabika: angalau saa 72 bila tumbaku, ingawa wiki nzima ni bora. Saa 24 za kwanza asisukutue. Baada ya hapo atumie maji ya vuguvugu yenye chumvi, bila kuyatema kwa nguvu. Dawa ya maumivu awe nayo mkononi kabla hajaondoka, ili sigara isiwe kitulizo cha kwanza atakachokutana nacho njiani. Na kama jino si la dharura, mchukuzi wa mizigo sokoni apangiwe siku inayotangulia mapumziko yake.