Hatua zako zilienda wapi wakati wa kafyu?

Hebu jaribu kukumbuka: kabla ya Machi 2020, ulikuwa ukitembea kiasi gani kwa siku? Sisemi mazoezi. Nasema kutembea tu: kutoka nyumbani hadi steji, kupanda ngazi za ofisi, kutoka kutafuta chakula cha mchana, kisha kurudi. Huenda hujui, kwa sababu hukuwahi kuhesabu. Wengi wetu tuko hivyo.

Hapa Kenya, mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Wiki mbili baadaye kafyu ikaanza: saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Mama yangu, ambaye ni karani, akahamishia ofisi kwenye meza ya kulia chakula. Kutoka kitandani hadi "kazini" zilikuwa hatua 12. Hizo nilizihesabu.

Simu zilikuwa zinahesabu

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichukua takwimu za programu ya simu inayohesabu hatua, kutoka kwa watu zaidi ya 455,000 katika nchi 187. Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga tarehe 11 Machi 2020. Ndani ya siku 10, wastani wa hatua ulikuwa umeshuka kwa asilimia 5.5. Ndani ya siku 30, asilimia 27.3, yaani takriban hatua 1,400 kila siku. Italia, iliyofunga watu ndani kabisa, ilifikia mshuko wa asilimia 48.7. Sweden, iliyolegeza masharti, asilimia 6.9 tu.

Lakini ngoja kidogo. Hao ni watu wenye simu za kisasa na programu ya kuhesabu hatua. Fundi wa mjengo hayumo. Matatu zilipoagizwa kubeba abiria wachache, nauli ilipanda, na wapo waliolazimika kutembea zaidi, huku wakiangalia saa wasikutwe na kafyu njiani. Kwa hiyo tukisema "watu walipunguza kutembea", tuulize kwanza: watu gani?

Si uvivu

Sasa, je, watu wale wote waligeuka wavivu ndani ya mwezi mmoja? Hapana. Mazoea hayaendeshwi na nia peke yake. Huwa yana kichocheo: saa fulani, mahali fulani, au jambo linalotangulia. Ukisikia makanga anaita, miguu inaongeza kasi yenyewe. Ondoa steji, na kutembea kunaondoka nayo bila wewe kuamua lolote.

Mambo mengine yaliguswa vivyo hivyo. Jikoni pakawa hatua chache kutoka kwenye kazi, na chai ikapata mandazi ya ziada. Baa zilipofungwa, kuna waliopunguza pombe na kuna waliobeba chupa nyumbani. Kufungiwa kulikuwa kumoja, matokeo mawili.

Mwaka 2010, watafiti wa London walichapisha utafiti wa watu 96 waliojaribu kujenga zoea jipya, kama kula tunda wakati wa chakula cha mchana. Kwa kawaida ilichukua siku 66 hivi kwa jambo kuanza kujiendesha, ingawa wengine walihitaji 18 na wengine hata 254. Kafyu ya saa 1 jioni ilidumu zaidi ya siku 70. Muda huo unatosha kabisa kuzoea kukaa.

Hesabu ya mama

Kabla ya kafyu, mama alitembea dakika 20 kwenda steji na 20 kurudi, siku 5 kwa wiki. Hizo ni dakika 200. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Kumbe alikuwa anatimiza bila kujua! Na kwa kuwa hakujua anazo, hakujua amezipoteza. Ofisi ilipofunguliwa, alianza kupanda boda kutoka getini.

Mwaka 2021 aliambiwa presha imepanda. Siwezi kukuambia ni kafyu iliyoipandisha. Umri, chumvi, usingizi na wasiwasi wa mwaka ule vyote vimo. Mtu mmoja si utafiti. Ila daktari alimwambia, pamoja na dawa, atembee.

Alijaribu kuamka alfajiri, akashindwa. Kilichofanya kazi ni chai ya saa 10 jioni, ambayo haijawahi kumpita. Kikombe kikiisha, anavaa raba na kuzunguka mtaa. Hana haja ya kujikumbusha, chai inamkumbusha.

Nawe fanya hesabu yako. Orodhesha njia ulizokuwa ukipita kwa miguu mwaka 2019, kisha utazame ni zipi hazikurudi. Chagua moja tu, uifunge kwenye jambo unalofanya kila siku bila kukosa. Usipoona mabadiliko wiki ya pili, usikate tamaa: siku 66 bado.