Nani Aruhusiwe Kuzungumza na Moyo?

Pesimeka ni kifaa kidogo kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua ili kuusaidia moyo unaopiga polepole kupita kiasi. Aina nyingi za sasa hupeleka taarifa kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kisanduku kilichoko kando ya kitanda cha mgonjwa, nacho huzifikisha hospitalini kwa simu au intaneti. Mgonjwa hupunguziwa safari, na daktari huona hitilafu mapema. Lakini mlango huohuo waweza kutumiwa na mtu asiyehusika, iwapo kifaa hakimtaki anayebisha hodi ajitambulishe.

Agosti 2017, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitangaza kuwa pesimeka zipatazo 465,000 nchini humo, za kampuni ya Abbott, zilikuwa na udhaifu wa namna hiyo. Mtu mwenye ujuzi na zana angeweza kumaliza betri haraka au kuvuruga mapigo. Hata hivyo, hakukuwa na taarifa ya mgonjwa yeyote aliyedhurika.

Hakuna aliyeshauriwa kupasuliwa ili kifaa kitolewe. Tiba ilikuwa programu mpya, inayokitaka kila chombo kithibitishe idhini yake kabla ya kuwasiliana na pesimeka. Kazi hiyo hufanyika kliniki kwa dakika 3 hivi, huku moyo ukiendeshwa kwa mapigo 67 kwa dakika. Uwezekano wa kifaa kuacha kufanya kazi kabisa ulikadiriwa kuwa asilimia 0.003. Ni mdogo, ila si wa kupuuzwa kwa mgonjwa anayetegemea kifaa kwa kila pigo. Hivyo ilishauriwa afanyiwe mahali penye mashine ya dharura ya kuendesha moyo, baada ya kushauriana na daktari wake.

Funzo hili lahusu pia pampu za dripu na mashine nyingine za wodini zilizounganishwa na mtandao. Nywila ya kiwandani ibadilishwe, isibandikwe kwenye mashine, wala isitumiwe na wodi nzima. Uwepo pia utaratibu wa dharura unaojulikana, ili kufuli lisimchelewesha mwokoaji.

Naye mgonjwa abebe kadi ya kifaa chake, na kila ahudhuriapo kliniki aulize kama kuna programu mpya. Asikizime kisanduku cha nyumbani kwa hofu, kwani atamnyima daktari taarifa anazozihitaji ili kumlinda.