Kitenzi Mbele ya Picha: Uchoraji wa Matamko ya Uchawi ya Michezo ya Njozi kwa Akili Bandia

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi matamko ya uchawi yaliyomo katika michezo ya njozi yanavyochorwa kwa programu za akili bandia, na kuonyesha kwamba ugumu mkubwa wa kazi hiyo ni wa kiisimu kabla ya kuwa wa kiufundi. Tamko la uchawi ni habari ya tendo, na tendo hubebwa na kitenzi. Picha, kwa upande wake, huonyesha vitu na hali zake. Kwa hiyo anayetaka kulichora tamko hana budi kwanza kulifasiri kutoka lugha ya matendo hadi lugha ya hali. Asipofanya hivyo, mashine humchagulia, na mara nyingi picha inayopatikana huwa kinyume cha maneno yaliyoandikwa.

Michezo na matamko yake

Michezo inayohusika hapa ni ile ambamo kikundi cha watu huketi mezani, kila mmoja akachukua nafsi ya mhusika wa kubuni, naye msimulizi mmoja akaongoza hadithi, huku dadu zikiamua mambo yenye shaka. Uliotangulia, na ulio mashuhuri kupita yote, ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974 huko Lake Geneva, katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Toleo la kwanza lilikuwa sanduku lenye vijitabu 3. Mchezo huo ulichipuka kutoka michezo ya vita vya kuigiza. Katika Chainmail, kitabu cha kanuni cha mwaka 1971, mpira wa moto wa mchawi ulipimwa kwa eneo la pigo la mtambo wa kale wa kurushia mawe. Asili hiyo inaeleza kwa nini matamko ya mchezo huu yameandikwa kwa vipimo na masharti, mithili ya vifungu vya sheria.

Yafaa jina lenyewe lielezwe. Kiswahili kina maneno mengi ya uganga na uchawi, lakini kila moja lina mipaka yake. Hirizi, fingo na talasimu hutaja kitu kinachovaliwa, kinachofukiwa au kinachoandikwa. Kago, zinguo na apizo yametokana na vitenzi kukaga, kuzingua na kuapiza, na kila moja hutaja tendo la namna moja tu. Tendo la uchawi katika mchezo huu hukusanya mambo matatu: maneno yanayotamkwa, ishara za mkono, na vifaa. Hapa litatumika neno “tamko”, kwa kuwa katika mengi ya matendo hayo sauti ya mchawi ndiyo inayotangulia.

Kila tamko huandikwa kwa utaratibu mmoja: jina, daraja, mojawapo ya matawi 8 ya uchawi, muda wa kulitamka, umbali linakofika, mambo yanayohitajika, na muda linaodumu, kisha hufuata maelezo ya nathari. Mwezi wa Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast, inayomiliki mchezo huo, iliziweka kanuni za msingi, pamoja na matamko zaidi ya 300, chini ya leseni huru ya Creative Commons. Tangu hapo yeyote aweza kuyachapisha matamko hayo mradi ataje asili yake, na wengi wanaoandaa vitabu vyao wenyewe wamejikuta wana maneno lakini hawana michoro.

Jinsi programu zinavyochora

Programu zilizoenea tangu mwaka 2022, kama vile DALL-E 2, Midjourney na Stable Diffusion, zimejengwa juu ya kanuni mbili. Ya kwanza ni ya kulinganisha. Modeli iitwayo CLIP, iliyotangazwa mwaka 2021, ilifunzwa kwa jozi milioni 400 za picha na maneno yaliyoambatana nazo, hata ikajifunza kupima ni maneno gani yanakaribiana na picha gani. Ya pili ni ya kusafisha. Picha huchafuliwa kwa chembechembe zisizo na mpangilio, na mashine ikafundishwa kuuondoa uchafu huo hatua kwa hatua. Wakati wa kuchora, mashine huanza na chembechembe tupu, ikazisafisha kwa hatua ambazo mara nyingi ni kati ya 20 na 50, na katika kila hatua maneno ya mtumiaji huielekeza upande mmoja badala ya mwingine.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mashine haisomi tamko kama msomaji anavyolisoma. Haifuati hoja wala haiulizi nani alimfanya nini nani. Inatafuta picha inayofanana na zile ambazo aghalabu huambatana na maneno kama hayo.

Wakati wa kitenzi na wakati wa picha

Tamko la Mpira wa Moto ni la daraja la 3. Yaliyomo yaweza kusimuliwa hivi: mchawi alinyosha kidole, mwale ukachomoka, ukafika mahali alipopakusudia ndani ya futi 150, ukapasuka kwa ngurumo, moto ukaenea futi 20 kila upande na kuzunguka pembe za kuta, na vitu vinavyoungua visivyovaliwa wala kubebwa na mtu vikashika moto. Uti wa mgongo wa habari hii ni kiambishi -ka-, kinachofungamanisha tendo na tendo lililolitangulia. Kila -ka- ni hatua ya wakati, na hatua ya wakati haichoreki.

Picha ina wakati wake, nao ni ule wa -me-. Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili anajua kwamba -me- katika vitenzi kama amesimama, amelala na amevaa hutaja hali iliyobaki baada ya tendo. Hali hiyo ndiyo inayoonekana. Kwa hiyo anayechora Mpira wa Moto hana budi kuchagua: ama kidole kimenyoshwa, ama mwale umefika nusu ya njia, ama mapipa yameshika moto na mchawi yuko mbali.

Mashine ikipewa jina la tamko peke yake, mara nyingi huchora mchawi aliyeshika tufe la moto kiganjani. Picha hiyo yapendeza, lakini haimo katika maneno. Moto wa tamko hili haukai mkononi. Hupasuka mbali, na umbali huo ndio hatari yake, kwa maana mchezaji asiyepima vizuri huwaunguza wenzake. Mchezaji aliyefundishwa na picha ataukosa mkasa wote wa tamko.

Tatizo hili halikuanza na kompyuta. Mwaka 1766 Mjerumani Gotthold Ephraim Lessing, katika kitabu chake Laokoon, alidai kwamba ushairi ni sanaa ya matendo yanayofuatana katika wakati, na uchoraji ni sanaa ya vitu vilivyopangana katika nafasi. Kwa hiyo mchoraji hana budi kuchagua nukta moja yenye kuashiria yaliyopita na yatakayofuata. Akili bandia haikuliondoa sharti hilo. Imemwezesha mtu kupata picha bila kulikumbuka.

Ukanushi na yasiyoonekana

Matamko mengine hayana la kuonekana kabisa. Kutoonekana humfanya mtu na alivyonavyo visionekane kwa muda wa saa 1, mradi asishambulie wala kutamka uchawi. Ukimya hufuta sauti zote ndani ya duara la futi 20. Ukuta wa Nguvu ni ukuta, lakini hauonekani. Hapa mashine hukwama kwa namna mbili.

Kwanza, ukanushi kwake ni mgumu. Maelezo yanayofuatana na picha hutaja yaliyomo. Ni nadra kutaja yasiyokuwamo. Ndiyo maana, katika programu za miaka hiyo ya mwanzo hasa, kutaja kitu kwa kukikanusha kuliweza kukileta. Aliyeandika kwamba chumba hakina tembo alihatarisha kumwona tembo. Stable Diffusion hupewa maelezo ya aina mbili, yale yatakiwayo na yale yasiyotakiwa, yakiandikwa mahali mbalimbali. Kwa lugha ya sarufi, kiambishi cha ukanushi kimeng’olewa katika kitenzi kikapewa makao yake.

Pili, kisichoonekana hakina umbo. Mashine ikilazimishwa, huchora mtu wa kioo, au kuba la buluu linalong’aa, na hivyo hukanusha tamko lenyewe. Njia inayofaa ni ile ambayo balagha ya Kiswahili huiita taashira, yaani kutaja kitu kwa kile kinachohusiana nacho. Kutoonekana huchorwa kwa vumbi lenye nyayo mbichi zinazoishia mlangoni, mlango uliofunguka nusu, na mlinzi aliyegeuza shingo. Ukimya huchorwa kwa mtungi uliovunjika nyuma ya walinzi ambao hawakugeuka. Maelezo haya yamejaa kauli ya kutendeka, kufunguka na kuvunjika, kwa sababu kauli hiyo hutaja hali ya kitu bila kumtaja mtenda. Mtenda amefichwa na sarufi kama alivyofichwa na uchawi.

Idadi, mtenda na mtendwa

Kombora la Uchawi, linapotamkwa katika daraja lake la kwanza, hutoa vishale 3 vya nuru. Si viwili wala vitano, kwa kuwa mchezaji huvigawa kati ya maadui zake. Programu za mwaka 2022 zilikuwa dhaifu katika kuhesabu, na udhaifu huo ulidhihirika katika vidole pia, jambo lisilo dogo pale ambapo ishara ya mkono ni sehemu ya tamko. Programu za baadaye zimeendelea sana, lakini kuhesabu kwa jicho baada ya kuchora bado ni wajibu.

Kadhalika, mashine zilichanganya mtenda na mtendwa. Farasi na mpandaji wakitajwa, mpandaji huwekwa juu hata kama sentensi imesema kinyume, kwa sababu ndivyo picha nyingi zilivyo. Katika Kiswahili viambishi vingelitatua jambo hili: “joka limemshika mchawi” na “mchawi amelishika joka” hazina utata, kwani li- na m- vyaonyesha nani ni nani. Lakini faida hiyo hupotea mlangoni. Hazina ya LAION-5B, iliyotangazwa mwaka 2022, ina jozi bilioni 5.85, kati yake bilioni 2.32 ni za Kiingereza, na bilioni 2.26 zimegawanywa kati ya lugha nyingine zaidi ya 100. Toleo la kwanza la Stable Diffusion lilitegemea zaidi sehemu ya Kiingereza. Aidha, CLIP hupokea vipande 77 tu vya maneno kwa mara moja, na neno kama “hakumfungulia” hukatwa vipande visivyofuata mofimu zake. Ukanushi, nafsi na mtendewa huanguka pamoja. Programu za baadaye hupitisha maelezo katika modeli ya lugha inayoyaandika upya kabla ya kuchora. Basi tafsiri hufanyika, ila mtumiaji hakuishiriki.

Haki ya mchoraji

Picha zilizozifunza mashine zilichorwa na watu. Mwaka 2022 jina la Greg Rutkowski, mchoraji wa Poland aliyewahi kuuchorea mchezo huu, lilikuwa miongoni mwa maneno yaliyoandikwa mara nyingi sana katika maelezo ya watumiaji, bila ridhaa yake. Januari 2023 wachoraji Sarah Andersen, Kelly McKernan na Karla Ortiz walizishtaki kampuni za Stability AI, Midjourney na DeviantArt katika mahakama ya California. Agosti mwaka huo, baada ya kubainika kwamba akili bandia ilitumika katika baadhi ya michoro ya kitabu kimoja cha mchezo, Wizards of the Coast ilitangaza kuwapiga marufuku wachoraji wake kuitumia.

Uamuzi unaowahusu zaidi wanaisimu ni ule wa Februari 2023, ambapo Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikubali kulinda maneno na mpangilio wa kitabu cha katuni Zarya of the Dawn, lakini ikakataa kuzilinda picha zake zilizotolewa na Midjourney. Hoja yake ilikuwa kwamba mwandishi wa maelezo hakuutawala mchoro uliotokea. Kwa maneno mengine, sheria ilikiri kwamba kati ya sentensi na picha kuna pengo, na kwamba aliyeandika sentensi si lazima awe ndiye aliyelivuka.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kulichora tamko ni kufasiri: kutoka -ka- kwenda -me-, kutoka ukanushi kwenda taashira, kutoka idadi ya kanuni kwenda idadi inayohesabika kwa jicho. Mchoraji wa kalamu aliifanya kazi hiyo kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Hakuweza kuanza mstari kabla ya kuamua nani anasimama wapi. Mashine imeutenga uamuzi huo na mchoro, hata yawezekana picha ikamilike bila mtu yeyote kulisoma tamko. Kwa wanaofundisha lugha, mfano huu wafaa kutumiwa darasani. Mwanafunzi akipewa tamko na picha yake, kisha akatakiwa kutaja kila kitenzi ambacho picha imekiacha, atakuwa amejifunza jambo kuhusu njeo, kauli na ukanushi, na pia atajua kwa nini mpira wa moto ulio kiganjani ni picha ya tamko lisilokuwamo kitabuni.