Imehifadhiwa? Nani Kasema?

Mtu akibonyeza "Lipa" na skrini ikakaa kimya, atabonyeza tena. Mwaka 1993 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya kompyuta, aliandika viwango ambavyo wasanidi wa programu wanavitumia hadi leo: jibu likija ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtumiaji huona mashine imemtii papo hapo, likizidi sekunde 1, mtiririko wa mawazo hukatika, likizidi 10, keshaanza kushughulika na mengine. Basi kitufe kikishabonyezwa kizimwe na kiandike "Inatuma…". Kila malipo nayo yapewe namba yake moja kabla ya kutumwa, ili seva iutambue mbonyezo wa pili na isimkate mteja pesa upya.

Kosa linaloniudhi zaidi ni haraka ya kutangaza heri. Msanidi anaweka "Imehifadhiwa" itokee pale pale kitufe kinapoguswa, kabla seva haijajibu. Ofisini kwake, intaneti inakimbia, hakuna atakayegundua. Kwa abiria wa daladala, mtandao unakuja na kupotea, ujumbe ule ni uongo mtupu. Na huyu ni mtu ambaye M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, imemzoesha kungoja ujumbe wenye namba ya muamala. "Imehifadhiwa" isiyo na ushahidi wowote haitamtuliza.

Halafu kuna kile kijisanduku kinachochomoza pembeni na kuyeyuka. Kwenye Android hukaa sekunde 2, au 3.5 kikirefushwa. Kwa "Imenakiliwa" muda huo unatosha. Kwa kosa hautoshi hata kidogo. "Namba ya simu imepungua tarakimu moja" inapaswa kukaa chini ya nafasi husika mpaka irekebishwe. Ama "Imeshindikana, jaribu tena", afadhali isiandikwe: imeshindikana nini, na nikijaribu tena nibadilishe nini?

Asiyeona yuko pabaya zaidi. Maandishi yanayojitokeza bila ukurasa kupakiwa upya hayasomwi na kisoma skrini, ila yakiwekewa alama kwenye msimbo. WCAG 2.1, mwongozo wa mwaka 2018 wa kuwezesha wenye ulemavu kutumia tovuti, unalitaka hilo. Alama ya "status" humwacha msomaji amalize sentensi aliyo nayo. Ya "alert" humkatiza. Wapo wanaobandika "alert" kila mahali, na programu yao ikageuka mdakizi asiyejua adabu. Rangi pekee nayo haisaidii: nyekundu na kijani, kwa wengine, ni kitu kimoja.

Mahali ambapo ukweli wote hautakiwi ni kwenye kuingia akaunti. "Barua pepe hii haijasajiliwa" humsaidia mwizi kuchuja orodha yake ya anwani. Andika "Barua pepe au nywila si sahihi", kisha ukakague ukurasa wa "Umesahau nywila?", maana mara nyingi siri hiyo hiyo huvujia huko.