Kugawana mafaili: Nani mchukuaji, nani mgawaji?

Wanazuoni wa Usuli wana kanuni mashuhuri kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukielewa. Kanuni hii yahitajika sana katika suala la watu kupeana vitabu, mihadhara, filamu na programu kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Vijana wengi huuliza: "Mimi nimechukua tu kwa matumizi yangu, sikumuuzia mtu. Kuna ubaya gani?" Ndugu msomaji, kabla ya jibu na tuitazame kwanza kazi yenyewe inavyotendeka.

Katika njia ya kawaida faili huhifadhiwa katika kompyuta moja kubwa inayowahudumia wote. Wakizidi waombaji, huduma huzorota. Ikizimwa, wote hukosa. Mwaka 1999 kijana wa Kimarekani, Shawn Fanning, alitoa programu ya Napster. Nyimbo zilibaki katika kompyuta za watu wenyewe, ila orodha ya nani ana nini iliwekwa mahali pamoja. Orodha hiyo ndiyo iliyoiponza: makampuni ya muziki yalishitaki, na mwaka 2001 huduma ile ikafungwa.

Mwaka huohuo Mmarekani mwingine, Bram Cohen, akatoa BitTorrent, ambayo ingali ikitumika. Ili tuifahamu, tuzifikirie zile juzuu thelathini za khitma. Mwalimu ana nakala moja, na wanafunzi thelathini kila mmoja ataka kunakili msahafu mzima. Wakipanga foleni mbele yake, wa mwisho atangoja mno. Lakini akimpa kila mmoja juzuu tofauti, kisha wakanakiliana wao kwa wao, kazi huisha upesi, na kila aongezekapo mwanafunzi huongezeka mkono wa kutoa. Ndivyo faili linavyokatwa vipande vingi, na kila kompyuta ikawa inapokea kipande hiki huku ikitoa kile.

Programu hutanguliza kipande kilicho adimu zaidi, kwa kuchelea mwenye nacho asije akaondoka. Tena humpendelea anayetoa: asiyetoa hupunguziwa, ingawa mara kwa mara mgeni mmoja hupewa bure ili naye apate pa kuanzia.

Je, kipande kilichotoka kwa usiyemjua utajuaje kuwa hakikuchezewa? Faili dogo liitwalo torenti hubeba muhuri wa kihesabu wa vipande vyote. Kipande kikifika hukokotolewa upya; ikibadilika herufi moja, muhuri haulingani, nacho hutupwa. Wanafunzi wa Hadithi wataona tofauti hapa. Sisi huwapima wapokezi mmoja mmoja pamoja na matini. Huku mpokezi hapimwi kabisa, hupimwa matini peke yake. Na muhuri hauthibitishi ila kwamba kitu ni kilekile alichokikusudia mtengenezaji wa torenti. Kama yeye alitia virusi, virusi vitakufikia vikiwa kamili.

Kompyuta hizi hujuana kupitia msajili, au, tangu mwaka 2005, kupitia orodha iliyogawanywa miongoni mwao zenyewe, hata pasiwe na mahali pamoja pa kufunga. Kwa sababu hiyo anwani yako ya mtandao huonekana kwa wenzako wote mnaogawana nao.

Sasa turejee kwa muulizaji. Kwa kawaida, mara tu apokeapo kipande cha kwanza, kompyuta yake huanza kuwagawia wengine. Basi kauli ya "nimechukua tu" haisimami. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lenye makao yake Jeddah, lilipokutana Kuwait Desemba 1988 liliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa na sharia, wala haijuzu kuzivamia. Wapo wanazuoni waliolegeza kwa nakala ya matumizi binafsi, lakini kwa mtazamo wangu rukhsa hiyo haimfikii mwenye kugawa, hata kama agawacho ni kitabu cha dini.

Chombo chenyewe hakina kosa. Mfumo huru wa kompyuta uitwao Debian hutolewa kwa torenti kwa idhini ya wenyewe, na maktaba ya Internet Archive imefanya hivyo kwa hazina zake tangu mwaka 2012. Anayekitumia na asome leseni ya anachokichukua, kisha afungue dirisha la programu. Humo mna hesabu mbili, ya kilichopokewa na ya kilichotolewa. Aitazame hiyo ya pili.