Hati Safi, Ploti Je?

Dalali wa Mombasa huanza na neno moja: "Hati iko safi." Atakwambia hivyo hata hujashuka kwenye tuktuk. Na mara nyingi hasemi uongo, ila usafi wenyewe una mipaka.

Waulize wa Nyali. Kampuni ya Dina Management ilinunua ploti ya ufukweni huko, ikawa na hati yake mkononi. Septemba 2017 serikali ya kaunti ikaingia, ikabomoa ukuta unaotazama bahari ikidai umeziba njia ya umma ya kwendea pwani. Kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu. Utetezi wa mnunuzi ndio ule ambao wewe na mimi tungeutoa: tulinunua kwa nia njema. Aprili 2023 majaji wakaukataa. Ploti ile alikuwa amegawiwa rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, mwaka 1989 bila kufuata taratibu, na hati iliyozaliwa na kosa haitakaswi kwa kuuzwa tena na tena. Hukumu ngumu, lakini naona ni ya haki. Ufuo ni wa watu.

Kwa hiyo sachi, yaani kupekua rekodi za ofisi ya ardhi, ni mwanzo tu wa kazi. Cheti chake kina sehemu tatu: A inaeleza ardhi yenyewe, B inataja mwenye mali, C inaonyesha mizigo. Wanunuzi wengi huona jina la muuzaji kwenye B, wakaridhika, wakakunja karatasi. Shuka hadi C. Ukikuta benki hapo, ujue ardhi imewekwa rehani, na rehani hufuata ardhi, haimfuati aliyekopa. Muuzaji akiacha kulipa, benki ikampa notisi ya siku 90 na kisha ya siku 40 ya kuuza, kinachopigwa mnada ni nyumba unayodhani ni yako.

Mali yenye rehani inanunulika, mradi pesa zipite njia yake. Benki hutaja kwa maandishi deni lililobaki. Wakili wako huahidi kwa maandishi kulilipa. Benki nayo huachilia hati pamoja na waraka wa kuondoa rehani. Muuzaji hupewa kinachosalia. Anayesema "nipe mimi kwanza, nitamalizana nao," achana naye.

Tena kuna mambo ambayo C haiyataji, na sheria ya usajili wa ardhi ya 2012 inayatambua hata yasipoandikwa: kodi za kaunti zilizolimbikizwa, njia ya majirani kupita, haki ya mtu aliyekaa hapo waziwazi miaka 12 bila ruhusa ya mwenye ardhi. Kwenye maduka ya kupangisha unawanunua na wapangaji. Mwenye duka asiye na mkataba wa maandishi analindwa na sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli, na huwezi kumwondoa wala kumpandishia kodi kwa maneno ya mdomo. Hesabu yako ya faida ianzie kwenye kodi anayolipa leo. Ile ambayo dalali anasema "inaweza kufika" muachie mwenyewe.

Mkataba wa mauziano ndio unaoyakamata haya yote. Kwa desturi amana ni asilimia 10 na muda wa kumaliza ni siku 90. Hoja ni nani anayeishika ile amana. Iandikwe kwamba wakili wa muuzaji ataishika bila kuigusa hadi uhamisho usajiliwe, na kwamba itarudi nzima rehani isipoondolewa, cheti cha kodi za kaunti kisipopatikana, au mke au mume wa muuzaji akikataa kuidhinisha uuzaji wa nyumba yao ya ndoa.

Kisha nenda ukatembee kwenye ploti, bila dalali. Kama kibanda cha mama wa viazi karai kimeingia ndani ya mpaka, nunua sahani moja, kaa kwenye benchi lake, umuulize alianza lini kupika pale. Akisema ni tangu mwanawe wa kwanza azaliwe, na huyo mwana ndiye anayekuletea sahani akiwa na ndevu, mpigie wakili wako kabla hujamaliza kula.